UZI: Kutambua trafiki ya kripto iliyosimbwa. Unachoweza kukijua na usichoweza

Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu.

Humu ndani nimesoma nyuzi zinazodai kwamba siku hizi kuna mitambo inayotambua trafiki yoyote ya kripto hata kama imesimbwa. Nimesoma pia zinazoapa kwamba ukishawasha VPN (handaki lililosimbwa linalobeba mtandao wako) hakuna anayeona kitu. Zote zinakosea, na kukosea huku kunaumiza watu.

Kazi yangu ni kulinda mtandao wa taasisi. Miaka michache iliyopita mfumo tulioununua uliiwekea alama nyekundu kompyuta ya kijana mmoja: anachimba sarafu. Niliiamini mashine. Kijana akaitwa kikaoni mbele ya mkuu wake. Baada ya siku mbili za kufuatilia ikabainika kuwa ni programu yake ya kusoma vipimo vya maabara, iliyofungua muunganisho mmoja wa kudumu na kupokea data kidogo kidogo usiku na mchana. Kosa hakuwa nalo. Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila jina likishatajwa kwenye kikao cha nidhamu haliwi tena kama lilivyokuwa. Nikaamua kulijua jambo hili hadi mzizi wake.

Kwanza kabisa, "trafiki ya kripto" si kitu kimoja. Kuna mchimbaji, ambaye kompyuta yake inakokotoa hesabu ili ilipwe sarafu, anayeongea na puli, yaani kundi la wachimbaji wanaogawana kazi na mapato. Kuna nodi kamili, yaani kompyuta inayobadilishana bloku (mafungu ya miamala) na miamala na nodi nyingine. Halafu kuna mtu mwenye pochi kwenye simu anayetaka tu kuona salio lake. Hawa watatu hawafanani hata kidogo mtandaoni, na mtu akikuambia mtambo wake unawatambua wote kwa usahihi uleule, mwombe akuonyeshe jinsi alivyoupima.

Usimbaji unaficha maneno. Haufichi ukubwa wa ujumbe, mwelekeo wake, wala saa uliyopita. TLS ndiyo itifaki inayosimba tovuti; toleo lake la 1.3, lililotoka 2018, huongeza takriban baiti 22 kwenye kila rekodi na basi. Kujaza baiti za ziada ili kuficha ukubwa kunaruhusiwa, lakini programu nyingi hazifanyi. Kwa hiyo ujumbe wa baiti 300 unatoka na 322, kesho 322, keshokutwa 322. Ni kama kusikia hatua za mtu gizani: uso humwoni, lakini unajua anachechemea au anakimbia.

Mchimbaji ana hatua za pekee. Itifaki ya uchimbaji iliyozoeleka ni Stratum, ambayo ni mistari ya maandishi yaliyopangwa (JSON) juu ya muunganisho wa kawaida wa intaneti (TCP). Bila usimbaji ni kazi ya dakika moja: unatafuta `mining.subscribe`, `mining.authorize`, `mining.notify` na `mining.submit`, umemaliza. Ikiwekwa ndani ya TLS maneno hayo yanapotea, umbo linabaki. Muunganisho mmoja unakaa saa nyingi, hata siku kadhaa. Data ni kidogo mno kwa muda mrefu kiasi hicho. Seva inasukuma kazi mpya, mteja anarudisha majibu mafupi, na kila jibu linapokelewa papo hapo kwa ujumbe mfupi zaidi. Kwa sarafu ya Monero, jibu hubeba nonsi (namba iliyojaribiwa) ya herufi 8 na hashi (tokeo la hesabu) ya herufi 64, na urefu huo haubadiliki kamwe. Unakuta mteja anatuma pakiti zinazokaribiana ukubwa maelfu kwa maelfu.

Sasa ukiishia hapo, utamkamata yule kijana wangu wa maabara. Muunganisho mrefu wenye data kidogo unao pia mfumo wa ujumbe wa papo kwa papo, kamera, saa ya ukutani iliyounganishwa, na kila programu inayosubiri arifa. Mtambo wetu uliishia hapo. Nitaendelea na kinachowatofautisha.

fundi_seva

Mkuu, tiririka. Ila swali: si ni rahisi zaidi kufunga poti (milango ya mtandao) 3333 na 4444 kwenye fayawoli na kuzuia orodha ya anwani za puli zinazojulikana? Sisi ndivyo tunavyofanya, na kengele hazilii.

Mleta uzi

Ndugu yangu, kengele kutolia kunaweza kuwa na maana mbili, na moja ni mbaya.

Rejea kisa cha Tesla mwezi Februari 2018, kilichotangazwa na kampuni ya usalama ya RedLock. Wavamizi waliingia kwenye wingu lao (seva za kukodi mtandaoni) kupitia dashibodi ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, isiyokuwa na nywila. Wakaweka uchimbaji. Hawakutumia puli ya umma inayojulikana, walisimika programu yao ya puli. Anwani halisi ya seva wakaificha nyuma ya Cloudflare, kampuni inayosimama mbele ya seva za wateja wake. Poti waliyotumia haikuwa ya kawaida. Na matumizi ya prosesa waliyaweka chini ili grafu isipande. Orodha yako ya poti na anwani isingewaona hata mmoja.

Siku hizi mchimbaji haramu anatoka kwa poti 443 ndani ya TLS kama tovuti yoyote. Funga hizo poti, ni vizuri, ila usilale.

Turudi kwenye mwendo. Kuna mambo mawili ambayo kwangu ndiyo yenye uzito.

La kwanza ni nafasi kati ya jibu na jibu. Kutafuta hashi ni kubahatisha tupu. Kila jaribio halikumbuki lililopita, kama kurusha dadu. Kwa hiyo jibu moja linaweza kuja baada ya sekunde 3, linalofuata baada ya 40, kisha 11, kisha mawili yakafuatana. Ukizichora nafasi hizo kwa saa kadhaa unapata mteremko unaojulikana vizuri kwenye hisabati, nafasi fupi nyingi na ndefu chache, zikipungua kwa uwiano uleule. Programu inayosema "nipo hai" hutuma kila baada ya sekunde 30 kamili. Binadamu huja kwa vishindo, akanyamaza, akaenda kulala. Mchimbaji hasinzii, haendi mapumziko ya wikiendi, na nafasi zake zinafuata dadu. Mfumo wa maabara wa yule kijana ulikuwa ukituma kila dakika moja bila kukosea. Laiti ningechora ile grafu siku ya kwanza!

La pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu halihitaji ufunguo wala modeli (programu iliyofunzwa kwa data). Bloku mpya ikipatikana duniani, kazi ya zamani inakuwa haina maana, na puli lazima iwatumie wachimbaji wake wote kazi mpya mara moja. Sasa bloku ni tukio la hadharani. Bitcoin hutoa moja kila dakika 10 kwa wastani, Monero kila dakika 2. Unachohitaji ni kulinganisha: kila bloku mpya ilipofika, je, ule muunganisho unaoushuku ulipokea pakiti kutoka kwa seva ndani ya sekunde tatu?

Tuseme ni muunganisho usiohusika, unaopokea pakiti kiholela wastani wa moja kwa dakika. Uwezekano wa kuangukia kwenye dirisha la sekunde tatu ni kama 1 kwa 20. Bloku tatu mfululizo, 1 kwa 8,000. Bloku kumi mfululizo, sahau. Monero ina bloku 30 kwa saa, kwa hiyo ndani ya saa moja una ushahidi mzito kuliko modeli yoyote niliyowahi kuuziwa.

Angalizo la kitaalamu: usitumie saa iliyoandikwa ndani ya bloku. Kwenye Bitcoin saa hiyo huandikwa na mchimbaji mwenyewe, na kanuni zinairuhusu kwenda mbele hadi saa mbili. Washa nodi yako, iandike kwenye logi wakati bloku ilipoifikia, tumia huo.

NodiKamili

Uzi mzuri sana. Naomba niongezee upande wa nodi, maana watu hawajui kwamba kwa miaka mingi Bitcoin yenyewe haikuwa imesimbwa kabisa kwenye waya.

Tangu mtandao uanze Januari 2009, nodi ziliongea wazi. Kila ujumbe ulianza na baiti nne zilezile, F9 BE B4 D9, kisha jina la amri kwa herufi za kawaida: `version`, `inv`, `getdata`, `block`. Poti 8333. Mtoa huduma yeyote aliyesimama katikati aliweza kusoma muamala unatoka kwa nani kwa mara ya kwanza. Utafiti wa Apostolaki, Zohar na Vanbever wa 2017 ulionyesha kwamba watoa huduma watatu tu walikuwa na nafasi ya kuona asilimia 60 ya miunganisho ya mtandao mzima.

Mabadiliko yalikuja na BIP 324, pendekezo la kusimba mawasiliano ya nodi. Iliingia programu ya nodi ya Bitcoin Core 26.0 mwezi Desemba 2023 kama hiari, na toleo la 27.0 la 2024 likaiwasha bila mtumiaji kugusa kitu. Hapo waya unaonekana baiti za nasibu tupu tangu ya kwanza. Hata funguo za salamu ya mwanzo zimeandikwa kwa namna ambayo hazitofautiki na takataka, na kila upande unaweza kuongeza takataka halisi hadi baiti 4,095 ili urefu wa salamu usiwe kitambulisho.

Mleta uzi, kwa hali hiyo unaitambuaje nodi?

Mleta uzi

Asante NodiKamili, umenipunguzia kazi.

Kwa uaminifu, nodi ya nyumbani nyuma ya BIP 324 bado inatambulika kwa tabia, na walioandika pendekezo lenyewe walikiri kwamba ukubwa na muda wa pakiti haujafichwa. Waliacha mlango wa pakiti za kuzugia. Nodi hufungua miunganisho kumi hivi ya kutoka kwenda kwa watu wasiohusiana. Matangazo ya miamala yanapita `inv`, na kila kitu kinachotangazwa humo kinachukua baiti 36, kwa hiyo ukubwa unapanda kwa ngazi za 36. Bloku ikija, miunganisho karibu yote inachangamka kwa pamoja, kisha inatulia. Mkondo wa baiti za nasibu usiokuwa na salamu ya TLS wala ya itifaki nyingine yoyote nao unajitokeza, kwa sababu trafiki nyingi ya kawaida inajitambulisha mwanzoni. Kutofanana na chochote kunaweza kuwa alama.

Lakini angalieni tofauti: unaweza kusema "hapa pana nodi". Huwezi kusema "huyu ametuma muamala huu". Hapo BIP 324 imewasaidia watu kweli, kwa sababu mpelelezi anayetazama kimyakimya sasa analazimika kujipenyeza katikati au kuendesha nodi zake mwenyewe. Hiyo ni gharama, na inaacha alama.

Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, nitaupitia haraka. Nodi zake zilisimbwa tangu mwanzo, 2015. Baada ya kuacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, mapigo yake yamekuwa ya saa: nafasi moja kila sekunde 12. Mdundo wa sekunde 12 unasikika hata ndani ya usimbaji. Hakuna dadu tena, ni saa.

Swali Moja

Wakuu, mimi si mtaalamu. Nina pochi kwenye simu tu. Je, mtoa huduma wangu wa intaneti anajua nimetuma kiasi gani na kwa nani? Nina hofu.

Mleta uzi

Ndugu, nakujibu kwa uangalifu kwa sababu hofu yako ni ya haki.

Pochi ya simu kwa kawaida huongea na seva ya kampuni iliyoitengeneza kwa HTTPS, kama programu ya habari au ya hali ya hewa. Mtoa huduma anaweza kuona jina la seva, kupitia DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) au kwenye salamu ya kwanza ya TLS ambako jina la tovuti mara nyingi bado linapita wazi. Kutoka hapo anajua unatumia pochi fulani. Kiasi, anwani na mpokeaji haoni. Mwenye kuona ni seva ya pochi yenyewe, ambayo inajua anwani zako zote na IP yako (anwani yako ya intaneti) kwa pamoja. Watu wanamwogopa mtoa huduma na kumsahau huyo. Ukiweza, elekeza pochi kwenye nodi yako.

Ukitumia Lightning, mtandao wa malipo ya haraka juu ya Bitcoin, kuna jambo la kutafakari. Kifurushi kinachobeba maelekezo ya njia kina baiti 1,366 daima, ili aliye katikati asijue malipo yamebakiza vituo vingapi. Ni ulinzi mzuri kwa kusudi hilo. Ila ukubwa usiobadilika ukipita kwenye waya uliosimbwa, anayetazama kutoka nje anaweza kubahatisha kwamba malipo yamepita sasa hivi. Ukubwa uleule unaomziba macho aliye ndani ya njia unampa dokezo aliye nje yake.

fundi_seva

Na VPN je? Na Tor, ule mtandao unaopitisha trafiki kwa kompyuta kadhaa ili kuficha chanzo? Maana huko ndiko kwenye ubishi.

Mleta uzi

VPN inachanganya mikondo yote ya kompyuta kuwa mmoja. WireGuard, aina moja ya VPN, hujaza kila pakiti hadi urefu wake uwe kigawe cha baiti 16, kwa hiyo ngazi ndogondogo za ukubwa zinapotea. Ikiwa ndani ya handaki hilo kuna mchimbaji peke yake, kama kwenye seva iliyovamiwa, mdundo wa dadu na wa bloku bado unasikika vizuri. Ikiwa kuna mtu anatazama video, anapakua faili na simu tatu zimeungana, mchimbaji anazama humo. Yeyote anayekuhakikishia atamtoa humo kwa uhakika, mimi sijamwamini bado.

Ushahidi mkubwa wa hadharani ni China. Baada ya marufuku ya uchimbaji ya 2021, takwimu za Chuo Kikuu cha Cambridge zilionyesha sehemu ya China ikishuka hadi sifuri Julai na Agosti, kisha Septemba ikarudi zaidi ya asilimia 20. Takwimu hizo zinategemea IP zinazoonekana na puli. Mashine haziwezi kuzaliwa upya mwezi mmoja kwa wingi huo. Watafiti wenyewe walieleza kwamba huenda wachimbaji walikuwa wamejificha nyuma ya VPN na njia nyingine, kisha wakalegeza. IP peke yake ilisimulia hadithi isiyokuwa ya kweli, na dunia nzima iliinukuu.

Tor hupitisha kila kitu kwa vipande vya ukubwa mmoja, baiti 514, hivyo ukubwa wa ujumbe mmojammoja haukusaidii tena. Muda unabaki. Lakini Biryukov na Pustogarov walionyesha takriban 2014 hatari ya namna nyingine: mshambuliaji anaweza kuzifanya nodi za Bitcoin zizipige marufuku njia za kutokea za Tor, hadi mtumiaji asukumwe kwenye zile za mshambuliaji. Hakuvunja usimbaji. Alimpangia tu njia ya kupita.

mwanafunzi_wa_mitandao

Mkuu, mradi wangu wa mwisho ni ujifunzaji wa mashine kwa trafiki ya uchimbaji. Nimefikia usahihi wa asilimia 99. Wewe unadharau modeli, kwa nini?

Mleta uzi

Sidharau kazi yako, mdogo wangu, na umefika mbali. Nataka ujiulize swali moja tu kabla ya kuikabidhi: asilimia 99 ya nini?

Chukua mtandao wenye miunganisho 1,000,000 kwa siku, ambamo 100 ni ya uchimbaji. Modeli yako inakamata 99. Safi. Lakini inakosea asilimia 1 kwa ile 999,900 isiyo na hatia, nayo ni 9,999. Asubuhi mlinzi anakuta kengele 10,098 mezani, na za kweli hazifiki moja kwa mia. Kila moja ya zile 9,999 ina mtu nyuma yake. Mmoja wao alikuwa yule kijana.

Kwenye maabara seti yako ya data huenda ina nusu uchimbaji, nusu trafiki nyingine, ndiyo maana tatizo hili halionekani. Angalia pia kama modeli imejifunza mwendo au imejifunza IP na poti ya kompyuta uliyoitumia kurekodi. Ziondoe kabisa hizo safu, urekodi upya kwenye mtandao mwingine na puli nyingine, siku nyingine, ndipo upime. Namba itashuka. Namba iliyoshuka ndiyo ya kuandika, na profesa mwenye busara ataiheshimu.

Modeli iwe chujio la kwanza. Kipimo cha bloku kiwe cha pili. Hata hicho kina mtego wake: mtu aliyefungua tovuti ya kuonyesha bloku mpya atapokea pakiti kwa wakati uleule. Tofauti ni kwamba yeye harudishi majibu ya ukubwa mmoja kwa mwendo wa dadu. Na cha tatu, unakwenda kwenye mashine yenyewe kutazama prosesa, kabla hujataja jina la mtu.

fundi_seva

Narudi na mrejesho, siku nne baadaye. Nilichukua logi za mikondo za wiki moja na kuwasha nodi ya Monero pembeni. Muunganisho mmoja wa poti 443 kutoka seva yetu ya majaribio umefuata bloku 57 kati ya 60. Nimeingia kwenye seva nikakuta mchakato wenye jina la huduma ya kawaida ya mfumo, lakini unakimbia kutoka saraka ya muda. Nauua sasa hivi?

Mleta uzi

Usiuue bado. Itenge seva kwenye mtandao, lakini isizimwe. Chukua nakala ya kumbukumbu ya RAM na ya diski, andika mchakato mzazi ni upi na ulianza saa ngapi. Tafuta mlango alioingilia, hasa dashibodi au huduma iliyo wazi bila nywila. Badilisha kila ufunguo uliowahi kukaa kwenye seva hiyo, za wingu zikiwa za kwanza. Yule wa Tesla alizikuta funguo za wingu kwenye dashibodi ileile aliyoingilia.

Na zile bloku tatu zilizokosekana, niangalizie: muunganisho ulikuwa umekatika, au alihamia seva nyingine kwa dakika hizo?

fundi_seva

Umekatika mara moja, dakika sita. Ulivyorudi, IP ya upande wa pili ilikuwa nyingine.

Mleta uzi

Basi tafuta IP hiyo mpya kwenye logi za seva zako zote, siyo hiyo moja tu. Tupe mrejesho.